Baraka Walishakubali

Ukishuka kutoka soko la Baraka kwenda bandarini, kabla hujafika pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu, utakuta ubao mrefu umelazwa juu ya matofali. Hapo ndipo Mama Mwanahamisi anapouzia kahawa yake ya tangawizi, na hapo ndipo wanaume wa ziwa wanapokuja kila asubuhi kuitengeneza dunia, kisha wanaiacha vilevile walivyoikuta na kwenda zao kutafuta ugali. Zamani ubao huo ulikuwa unajaa siku za mwezi mkubwa tu, kwa maana mwezi ukiwaka ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, haifuati taa ya mvuvi, na kila mtu anapumzika. Siku za giza ubao ulikuwa mtupu. Usiku watu wako ziwani, mchana wamelala. Lakini sasa ilikuwa wiki ya tatu tangu ziwa lifungwe kwa amri, miezi mitatu mtu asitie wavu majini, na ubao ulijaa siku za giza na za mwezi pia. Watu wenye njaa wana muda mwingi, na hasira wanayo ya kutosha kuujaza muda huo.

Mvuvi mmoja, jina lake Waziri, alikaa kwenye ncha ya ubao, kikombe mkononi, kahawa imepoa. Wote humwita Président, kwa kuwa ndiye mkuu wa kamati ya wavuvi na ndiye mtunza muhuri. Asubuhi hiyo alikuwa na muhuri huo katika mfuko wa shati, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake Munira alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha pwani ya Tanzania, kusoma shahada ya pili yenye jina refu kuliko mtumbwi: sera na usimamizi wa pwani na bahari. Chuo kilitaka barua ya wavuvi wa kwao, kwamba wanamjua na watampokea akirudi kufanya utafiti. Barua ilihitaji muhuri na sahihi tatu za kamati, na gari la Uvira, alikokuwa Munira akiingoja, lilikuwa linaondoka saa tano. Likiondoka bila barua, nafasi imekwenda kwa mwingine.

Sahihi ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya katibu, mwalimu Isidore, mstaafu wa shule ya msingi anayeitwa Professeur kwa sababu ya wingi wa methali zake, ambazo hakuna hata moja iliyowahi kufika ilikotumwa. Huyo alikwisha kusaini bila kusoma. Ya tatu ilikuwa ya makamu, Ayubu, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Juma lililopita watu wa ofisi ya ziwa walikuwa wameuchoma wavu wa Ayubu hapo hapo mchangani, kwa kuwa aliingia ziwani usiku mmoja. Kesho yake Willy, dereva wa pikipiki ambaye watu humwita Radio, alimpa jina la Sans Filet, yaani asiye na wavu. Ayubu hakucheka. Hakuna aliyecheka, lakini jina lilibaki.

Barua ilikuwa imekunjuliwa juu ya ubao, kalamu imewekwa juu yake isiruke. Ayubu aliiangalia kwa muda mrefu bila kuigusa.

— Masomo ya bahari, Radio alisema. Mi napita na pikipiki toka Lulimba mpaka Mboko, sijaona bahari. Hapa Baraka iko bahari ya wapi?

— Njo maana tunasema hukusoma, Professeur alimjibu. Bahari ni ziwa yenye ilipata grade.

— Basi bako banapandisha ziwa yetu grade. Ikikuwa bahari, inakuwa ya dunia yote. Kila muntu anakuya na meli yake, na we muvuvi wa Baraka unaomba ruhusa ya kunawa miguu. Njo maana balifunga. Bako banatengeneza karatasi.

— Hapana, si karatasi, Professeur alisema. Ni petroli. Chini ya ziwa kuko petroli mingi. Ndagala inakunywa kidogo kidogo. We hujaona? Ukikaanga ndagala ya hapa, haiombe mafuta mingi.

— Ile ni kweli, Radio alikiri, akafikiri kidogo. Lakini na satellite iko. Iko inasimama juu pale, usiku na muchana, inahesabu ndagala moja moja. Ukikula moja ya kuzidi, bureau ya ziwa inajua mbele ya kunawa mikono.

Mama Mwanahamisi aliweka birika chini kwa kishindo.

— Ile satellite ishuke ihesabu na batoto bangu. Bako sita. Tangu jana bamekunywa hii kahawa na sombe, majani ya muhogo, ya bila samaki. Balifunga ziwa, habakufunga tumbo.

Hapo mchezo uliisha. Siku hizi kila mchezo wa ubaoni ulikuwa unaishia hapo hapo, kama si kwa Mwanahamisi basi kwa mwingine. Ayubu akainua kichwa.

— Muache bya masatellite, alisema taratibu. Satellite haikuchoma wavu yangu. Lionel njo alichoma.

Hakuna aliyetaka jina hilo litajwe. Lionel ni mtoto wa hapa, mwana wa katekista Albert. Miaka minne iliyopita naye alipata nafasi ya kusoma mambo ya maji, na naye aliombwa barua ya wavuvi. Kamati ilimwandikia kwa furaha, na watu wakamsindikiza mpaka kwenye gari. Alirudi na kofia ya ofisi ya ziwa, na siku ile mchangani yeye ndiye aliyeshika kiberiti.

— Tulimuandikia hapa hapa, juu ya hii ubao, Ayubu aliendelea. Mi nilisinya sahihi na mukono yangu. Tulisema huyu ni mutoto wetu, ataenda kusoma, atatusaidia. Akarudia na kiberiti. Sasa munaniletea karatasi ingine, munasema sinya tena. Munaniona mi ni mupumbavu wa kiasi gani?

— Bahenga balisema, samaki mukunje angali mubichi, Professeur aliingilia.

— Unataka kusema nini?

— Nataka kusema wavu ilikuwa ingali mupya.

Waziri aliona ni wakati wa kusema kitu.

— Ayubu, ndugu yangu. Munira si Lionel.

— Na Lionel, mbele ya kwenda, alikuwa Lionel? Alikuwa mutoto wa Albert tu. Alikuwa anatubebea taa, tunamupa ndagala ya mama yake. Njo ile masomo ilimugeuza. Bote benye banaenda kule, banarudia na kitabu mukono moja, na mukono ingine kiberiti. Kaka Waziri, nakuheshimu. Mutoto yako nampenda. Lakini sitasinya.

— Bureau njo ilikosa, si masomo, Radio alisema, akimwonea Président huruma.

— Bureau ni nani? Bureau ni bale benye balisoma.

Waziri alihisi damu inapanda kichwani. Na kama kawaida yake, damu ikipanda, alitoa maneno yale yale aliyokuwa akiyatoa tangu siku ya tangazo, kwa sauti kubwa kuliko wote.

— Habakutuuliza. Njo kosa yabo. Hata siku moja habakuya kuuliza muvuvi wa Baraka.

— Habakutuuliza, ubao mzima uliitikia.

Alipomaliza kusema hayo aliinamia kikombe chake, maana aliona haya. Ukweli alikuwa anaujua. Walikuja. Miezi mitatu nyuma, katika siku za giza, Waziri alirudi kutoka ziwani alfajiri, akalala na suruali iliyolowa. Jua lilipopanda, kijana wa ofisi alifika na pikipiki na karatasi za Kifaransa, majina ya kamati yote yameshapigwa kwa mashine. Waziri alidhani ni orodha ya makoti ya kuelea majini, ambayo wavuvi walikuwa wameahidiwa tangu zamani. Alipiga muhuri akiwa nusu macho nusu ndoto, akarudi kulala. Haikuwa orodha ya makoti. Ilikuwa orodha ya waliohudhuria mkutano wa kuulizwa juu ya kufungwa kwa ziwa, mkutano uliowekwa mchana wa siku za giza, ambao hakuna mvuvi hata mmoja aliyekwenda kwa kuwa wote walikuwa wamelala. Siku redio ilipotangaza kwamba wavuvi wa Baraka wameshauriwa na wamekubali, ndipo Waziri alipoelewa alichokipigia muhuri. Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga kelele kumshinda.

Munira alikuwa anajua. Alipokuwa anatafuta karatasi za maombi yake alikuta ripoti ya ofisi ya ziwa, na ndani yake muhuri wa baba yake, umekaa upande. Alimwonyesha kwenye simu, jikoni, mama yake akiwa ametoka. Hakumlaumu. Alisema tu, papa, balikuita wakati wa giza. Waziri alimfokea mtoto siku hiyo kama hajawahi kumfokea, kisha akatoka nje akakaa peke yake. Kusema kweli alikuwa mwoga, na mwoga akifumaniwa hufoka.

— Saa ine na nusu, Radio alisema, akiangalia simu. Gari ya Uvira iko inajaza batu.

Wakati huo huo mwanamke mmoja aliteremka njiani na mabeseni matatu tupu, yamepandana. Alikuwa mfanyabiashara wa ndagala kavu kutoka Mboko, jina lake Félicité. Alikuja akitumaini Baraka watakuwa wamebakiwa na akiba, akakuta vichanja vya kuanikia vitupu, hata paka hawapo. Aliomba kahawa.

— Mugeni njoo, mwenyeji apone, Professeur alimkaribisha, bila kusogea hata kidole kumpa nafasi.

Félicité aligeuza beseni moja akalikalia. Alikunywa, akasikiliza kidogo habari za satellite na petroli, akasikiliza na lile neno la kutokuulizwa likirudiwa. Akaweka kikombe.

— Samahani, bapapa. Mi niulize. Ile siku ya kuuliza bavuvi, ninyi hapa mulisema nini?

— Siku gani? Ayubu aliuliza.

— Ile ya mukutano. Kwetu Mboko balituita. Banaume balikuwa bamelala, ilikuwa giza, basi bamama tulienda. Tulikatala. Tulisema miezi tatu batoto batakufa, bafunge mwezi moja kwanza tuone. Mukubwa wa bureau akatuonyesha karatasi. Akasema, ninyi Mboko ni badogo, Baraka balishakubali. Karatasi iko na cachet, muhuri ya kamati yenu. Basi tukanyamaza, tukarudia. Njo nauliza. Mulikubali juu ya nini?

Radio, ambaye ni heri akose usingizi kuliko kukosa habari, aliangalia pikipiki yake. Professeur alifungua mdomo, akatafuta methali, akaufunga. Macho yakaanza kuzunguka, moja baada ya jingine, mpaka yakatua kwa mtu mwenye muhuri.

Waziri angeweza kusema karatasi ile ni ya kughushi. Wangemwamini, walikuwa wanaitaka sana habari ya namna hiyo. Ofisi ingezidi kuwa shetani, Lionel naye vilevile, na barua ya Munira ingebaki hapo ubaoni mpaka gari liondoke. Aliangalia ile kalamu juu ya karatasi. Mtoto wake alikuwa analipa dhambi ambayo siyo yake, na mlipaji halisi alikuwa anakunywa kahawa.

— Mi njo nilipiga cachet, alisema.

— Cachet ya nini? Ayubu aliuliza.

— Ya ile karatasi. Ilikuwa giza. Nilitoka ziwani, nikalala. Kijana wa bureau akanikuta na usingizi. Sikusoma. Nilizani ni liste ya magilet, ile makoti ya kuelea. Nilipiga, nikarudia kulala.

— Na majina?

— Yalikuwa yameandikwa. Yetu yote kumi na mbili.

— Yangu ilikuwa ndani?

— Ya pili.

Ayubu alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu.

— Ulijua lini?

— Siku balitangaza.

— Basi wavu yangu ilichomwa, we ukijua.

— Nikijua.

— Ukasimama pembeni yangu pale muchanga. Ukalia na mi.

— Nililia ya kweli, Ayubu.

— Sikuuliza kama ni ya kweli.

Félicité alijuta kuuliza. Ilionekana usoni mwake. Lakini Mboko nako kulikuwa na watoto, na hakuinuka.

— Ninyi mulituuza na sisi, alisema. Hatukujua hata sura zenu.

— Ni kweli, mama, Waziri alisema. Hasira yenu yote muilete kwangu. Bureau ilikosa, na mi nilikosa. Munira hakukosa. Yeye njo aliona ile liste, akaniambia, papa, balikuita wakati wa giza. Kule bureau hakuna mwenye anawaambia kama muvuvi analala muchana ya siku za giza, kama mukutano ya bavuvi inawekwa wakati wa mwezi. Anaenda kusoma ili akae mule ndani, ile karatasi ikianza kuandikwa, aseme.

— Lionel alibeba taa zetu, Ayubu alisema. Alijua giza ni nini. Alikuwa mule ndani. Hakusema.

Waziri aliweka kikombe juu ya ubao.

— Sijui juu ya nini hakusema. Na ya Munira siwezi kuapa. Najua tu kama asipoenda, hakuna atakayesema.

Mama Mwanahamisi alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

— Mi niseme kile nilichoona. Ile siku ya moto, ninyi banaume mulikuwa hapa, mumejipanga, muko munaangalia. Mutoto wa kike moja njo alitembea mpaka mbele ya Lionel, akamuambia uzime. Lionel akamusukuma. Akasimama tena. Alikuwa nani?

— Najua ni Munira, Ayubu alisema. Nilimuona.

Huko juu dereva wa gari la Uvira alipiga honi mara mbili, ile ya kuita waliochelewa. Ayubu akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kisha akaisukuma barua mpaka kwa Waziri. Waziri alitoa muhuri, akaupulizia pumzi ili wino ulainike.

— Ngoja, Ayubu alisema. Soma kwanza.

— Gari inaondoka.

— Soma. Yote. Kwa sauti. Professeur akutafsirie pale penye hujui.

Basi Président wa wavuvi wa Baraka, mtu mzima mwenye wajukuu, akasoma barua ya Kifaransa kama mtoto wa darasa la tatu, na Professeur akitafsiri pembeni, kwa mara ya kwanza bila methali. Walifika mwisho.

— Umesikia yenye iko ndani? Ayubu aliuliza.

— Nimesikia.

— Sasa piga.

Akapiga. Ayubu akanyosha mkono, kiganja juu, na hakuhitaji kusema anataka nini. Waziri aliweka muhuri katika kiganja hicho.

— Nimesinya mutoto, Ayubu alisema. We sikukusamehe. Na hii ubao, kuanzia leo, utafute ingine. Kama nikikuona hapa kesho, mi njo nitahama, na bote bananifuata.

Waziri aliwaangalia wengine. Radio aliangalia chini. Professeur alikuwa anakunja miwani yake. Mwanahamisi alichukua kikombe cha Waziri chenye kahawa iliyopoa, akaimwaga mchangani, akakisuuza na kukiweka pamoja na vingine. Hakuna aliyesema baki.

Akapanda njia kwenda sokoni kwa mwendo wa haraka, barua mkononi, asiikunje tena. Gari lilikuwa limeshawashwa. Kijana anayepokea mizigo alikuwa na daftari juu ya paja, akauliza barua inakwenda kwa nani Uvira, na akaandika jina la Munira. Kisha akauliza ni nani anayetuma, na kwa kuwa anamfahamu, akaanza kuandika mwenyewe bila kungoja jibu: Président wa...

— Futa ile, Waziri alisema. Andika baba yake.